Unaishi hotelini Marekani? Jinsi ya kujua kama wewe ni mpangaji, na la kufanya wakitaka kukutoa

Marekani kuna watu wengi ambao chumba cha hoteli au moteli ndiyo nyumba yao. Hawakuja kutalii. Wengine hawana amana ya kuanzia nyumba, wengine hawana historia ya mikopo ambayo wenye nyumba huiangalia kabla ya kumkubali mtu, wengine walitolewa walikokuwa na sasa wanalipa chumba wiki hadi wiki. Wakiuliza mapokezi, huambiwa kwamba hoteli inaweza kuwatoa saa yoyote, nao huamini, hufunga virago na kuondoka. Mara nyingi waliyoambiwa si kweli. Sheria haiishii kwenye kibao kilicho nje ya jengo. Inaangalia unavyoishi mle ndani, na kwa muda gani.

Sheria za pango Marekani ni za majimbo, si za taifa zima. Ndiyo maana ndugu wawili, mmoja Virginia na mwingine California, wanaweza kukaa hotelini siku sawa kabisa, mmoja akawa mpangaji na mwingine bado mgeni. Soma mwongozo huu huku ukijua uko jimbo gani, kisha thibitisha na wakili wa msaada wa kisheria wa eneo lako kabla ya kuchukua hatua kubwa. Ukipiga namba 211 popote penye huduma hiyo utaelekezwa kwa mashirika yanayosaidia bure.

Mgeni na mpangaji

Mgeni asipolipa, hoteli inaweza kumwambia atoke, ikaifuta kadi yake ya mlango na, katika majimbo mengi, ikaita polisi wamwondoe kama mvamizi. Haihitaji kwenda mahakamani.

Mpangaji hatolewi hivyo. Lazima kwanza apewe notisi ya maandishi. Muda wa notisi ukiisha, mwenye jengo anafungua kesi. Mpangaji anapewa hati ya wito na nafasi ya kujibu. Hata akishindwa, anayemtoa ni sherifu au ofisa mwingine wa mahakama mwenye amri mkononi. Meneja hana mamlaka hayo, mlinzi hana, na polisi wa doria hawana.

Majimbo mengi yaliiga sheria ya mfano ya mwaka 1972, ambayo inawaacha nje ya ulinzi watu wanaokaa hotelini kwa kupita tu. Kwenye fomu na sheria utaliona neno “transient”. Shida ni kwamba baadhi ya majimbo hayasemi ni siku ngapi zinamtoa mtu kwenye kupita na kumweka kwenye kuishi. Hapo jaji anapima mambo mengi kwa pamoja: umekaa muda gani, unalipa kwa siku au kwa mwezi, una makazi mengine au huna, unapikia chumbani, barua zako zinafika wapi, hoteli inakubadilishia mashuka kila siku au unafua mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua kipimo cha jimbo lako

California mstari umechorwa kwenye siku 30. Ukipita siku 30 mfululizo, kwa kawaida unakuwa mpangaji, lakini kuna sharti ambalo watu wengi hawalijui: gharama zote za chumba ziwe zimelipwa kufikia siku ya mwisho ya kipindi hicho. Mtu aliyefika siku ya 31 akiwa na deni la siku tatu anaweza kuambiwa bado ni mgeni. Kama fedha ni chache, siku ya 30 ndiyo siku ya kuhakikisha hudaiwi hata senti, na risiti uwe nayo mkononi. Ipo pia hali moja ambayo mkaaji habadiliki kuwa mpangaji hata baada ya siku hizo: pale hoteli inapobaki na haki ya kuingia chumbani na inatoa huduma zote kwa pamoja, yaani mahali pa kuhifadhia vitu vya thamani, simu ya jumla, usafi, barua, huduma ya chumbani na chakula hapo hapo au jirani, na ukaaji wa hapo huwa wa chini ya siku saba. Moteli ya barabarani inayokodisha kwa wiki ni nadra sana kutimiza yote hayo.

New York, tangu sheria ya wapangaji ya mwaka 2019, ni kosa la jinai kumtoa bila amri ya mahakama mtu aliyekaa kihalali kwenye makazi kwa siku 30 mfululizo au zaidi, au aliyeingia mkataba wa pango. Faini ya madai ni kati ya dola 1,000 na dola 10,000 kwa kila kosa.

Ndani ya Jiji la New York kuna haki nyingine kubwa ambayo wakaaji wengi hawaitumii. Baadhi ya hoteli za zamani, zilizojengwa kabla ya tarehe 1 Julai 1969 na zenye vyumba sita au zaidi, zimo kwenye mfumo wa udhibiti wa kodi ya pango, ikiwa chumba kilikuwa kinalipiwa chini ya dola 88 kwa wiki au dola 350 kwa mwezi tarehe 31 Mei 1968. Katika hoteli kama hiyo, mkaaji anaweza kuomba mkataba wa miezi sita au zaidi. Anayeomba anahesabiwa kuwa mpangaji wa kudumu, na mwenye hoteli anatakiwa kutoa mkataba ndani ya siku 15. Huhitaji kusubiri miezi sita ipite. Andika ombi, litie tarehe, mpe meneja nakala moja na nyingine itume kwa barua iliyosajiliwa. Ukiombwa utoke siku inayofuata, hiyo barua ndiyo kesi yako.

Virginia ni ngumu zaidi. Hoteli inapaswa kuwa makazi yako makuu, na uwe umekaa zaidi ya siku 90 mfululizo, au uwe na mkataba wa maandishi wa zaidi ya siku 90. Hata hivyo, ambaye hoteli ndiyo makazi yake makuu lakini hajafikisha siku hizo hayuko mtupu kabisa: akidaiwa, lazima apewe notisi ya maandishi ya siku tano kabla hoteli haijamtoa.

Oregon inatazama mambo matatu kwa pamoja. Ili uhesabiwe mpita njia, lazima utozwe kwa siku na usilipishwe zaidi ya siku sita mbele, ufanyiwe usafi na kubadilishiwa mashuka kila siku au kila baada ya siku mbili ndani ya bei hiyo hiyo, na usikae zaidi ya siku 30. Kimoja kikikosekana, hoja ya hoteli inaanguka. Kwa hiyo anayelipa wiki nzima mbele ana hoja nzuri hata kabla ya siku 30.

Florida haihesabu siku. Inauliza nia ya pande mbili ilikuwa nini, kisha inaweka dhana ya kuanzia: kama chumba hicho ndicho makazi yako pekee, unachukuliwa kuwa huko kwa kudumu mpaka hoteli ithibitishe vinginevyo. Kama una nyumba nyingine, dhana inageuka dhidi yako. Georgia nayo, kwa uamuzi wa mahakama yake ya juu mwaka 2023, inapima kila kesi kwa makubaliano na nia ya wahusika kuanzisha uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji. Majimbo ya namna hii ndiyo yanayohitaji ushahidi kuliko yote, kwa sababu hakuna siku ya kuisubiri.

Hatua ya 2: Weka ushahidi kuanzia siku ya kwanza

Watu hushindwa kesi hizi kwa kukosa karatasi, si kwa kukosa haki. Lipa kwa njia inayoacha alama. Ukilipa taslimu, usiondoke dirishani bila risiti yenye jina lako, namba ya chumba, tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Omba pia taarifa kamili ya malipo ya chumba kutoka kwenye kompyuta ya mapokezi, walau mara moja kwa wiki. Hoteli zikishabishana na mtu hugoma kuitoa.

Kwenye risiti hizo kuna mstari mmoja wa kuutazama kwa makini: ushuru wa hoteli. Ni kodi ya serikali wanayotozwa wageni wa muda mfupi. Texas haiutozi kwa mtu aliyekaa siku 30 mfululizo. Miji ya California inautoza kwa ukaaji wa siku 30 au pungufu. Jimbo la New York linamwona mtu kuwa mkaaji wa kudumu kwa kodi ya mauzo baada ya siku 90. Mstari huo ukipotea kwenye risiti yako, hoteli yenyewe imeiambia serikali kwamba wewe si mpita njia. Itakuwa vigumu kwake kumwambia jaji kinyume chake. Na kama bado unatozwa baada ya muda kupita, uliza kwa maandishi kwa nini, kisha dai urejeshewe.

Mengine ya kuweka:

- Barua zilizokufikia kwa anwani ya hoteli: za shule, benki, hospitali, ofisi ya misaada.
- Leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo chenye anwani hiyo.
- Picha za chumba zinazoonyesha unaishi: jiko la umeme, friji, nguo, vitabu vya watoto, ratiba ukutani. Kila picha iwe na tarehe.
- Meseji zote na meneja. Akikuambia jambo kwa mdomo, mtumie meseji muda huo huo: “Umeniambia leo saa nne kwamba nihame Ijumaa.” Akinyamaza, nayo ni rekodi.

Nakala za vyote hivi zisikae chumbani tu. Zitume kwa barua pepe yako au kwa mtu unayemwamini, kwani siku ukifungiwa nje karatasi zitakuwa upande wa pili wa mlango.

Huenda ulisaini fomu inayosema “mimi ni mgeni, si mpangaji”. Usikate tamaa kwa hilo. California, kwa mfano, haki nyingi za msingi za mpangaji haziwezi kusainiwa zipotee, na katika majimbo mengi jaji hutazama maisha halisi pamoja na maneno ya fomu. Lakini katika jimbo la nia, kama Florida au Georgia, fomu hiyo ina uzito. Ukiletewa nyingine mpya baada ya kukaa muda mrefu, omba muda wa kuisoma na uipeleke kwa wakili kwanza.

Hatua ya 3: Mtego wa siku 28

Hoteli nyingi zinazijua siku 30 kuliko wakaaji wenyewe. Siku ya 27 au 28 unaambiwa utoke usiku mmoja au mbili halafu urudi, au ujiandikishe upya, au uhamie chumba kingine. Lengo ni hesabu ianze upya kutoka moja.

California imelipiga marufuku jambo hili katika hoteli za makazi, yaani zile ambazo wakaaji wanaishi humo kama makazi yao makuu. Ni kosa kumlazimisha mkaaji ahame, au ajiandikishe upya kabla ya siku 30 kwisha, ikiwa sababu mojawapo ni kumzuia asiwe mpangaji. Adhabu ni dola 500, na mahakama inaweza kuamuru hoteli ilipe gharama za wakili wa aliyeshinda.

Ukiambiwa utoke, omba sababu kwa maandishi. Jibu kwa meseji kwamba unataka kubaki na uko tayari kulipa usiku huo. Kataa kusaini karatasi inayosema unaondoka kwa hiari yako. Ukilazimika kulala nje, acha vitu vyako chumbani kama inawezekana, au hotelini kwa risiti, weka risiti ya mahali ulipolala, na piga picha ya chumba ulichorudi. Waulize na majirani. Korido nzima ikihamishwa kila siku ya 28, ushahidi wao pamoja na wako unaonyesha mpango, na mpango ndio unaothibitisha lengo. Kuhamishwa chumba ndani ya jengo hilo hilo bila wewe kuomba hakumaanishi moja kwa moja kwamba umeanza upya, kwa hiyo usiache kuhesabu.

Hatua ya 4: Ukiona kodi ya chumba haitatosha

Usikimbie mapokezi. Ongea kabla ya siku ya kulipa, na makubaliano yoyote ya kulipa nusu yaandikwe. Hapa kuna hatari mbili zinazopingana. Kwa ambaye bado ni mgeni, deni ndilo linaloipa hoteli nguvu ya kumtoa usiku huo huo. Kwa ambaye tayari ni mpangaji, deni linaanzisha notisi tu. California notisi hiyo ni ya siku tatu bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu za mahakama. New York ni siku 14. Ukilipa deni lote ndani ya notisi, suala hilo limekwisha.

Piga 211 mara moja na useme maneno haya waziwazi: unajilipia mwenyewe hotelini na fedha zitaisha ndani ya siku 14. Kanuni za shirikisho za misaada ya makazi zinamhesabu anayejilipia moteli kuwa yuko kwenye hatari ya kukosa makazi, akitimiza na masharti ya kipato. Wafanyakazi wengi humwona mtu mwenye chumba wakadhani hastahili, hivyo useme wewe.

Kama chumba kinalipiwa na serikali au shirika la misaada, kanuni zinaweza kuwa tofauti kabisa na huenda usihesabiwe mpangaji hata baada ya miezi mingi. Omba kanuni za mpango wako kwa maandishi, pamoja na utaratibu wa kukata rufaa.

Hatua ya 5: Ukikuta kadi haifungui mlango

Usivunje mlango. Hata ukiwa na haki, kesi itageuka kuwa ya uharibifu wa mali, na kama wewe ni mhamiaji kesi ya jinai ina madhara mengine.

Piga video ya kadi ikikataa, ionyeshe saa na namba ya chumba. Uliza mapokezi nani ameagiza na kwa nini, ukirekodi kwa maandishi. Kama ndani kuna dawa, mashine ya kupumulia, maziwa ya mtoto au pasipoti, dai vitu hivyo kwanza na utaje kila kimoja kwa meseji.

Kisha piga polisi kwa namba isiyo ya dharura. Usianze kwa kusema “hoteli imenifukuza”, kwa sababu polisi husikia neno hoteli wakafikiri mgeni. Anza hivi: “Hapa ndipo ninapoishi tangu tarehe fulani, nimefungiwa nje bila amri ya mahakama.” Waonyeshe risiti za zaidi ya siku 30 na kitambulisho chenye anwani. New York taja sheria ya utaratibu wa mali isiyohamishika, kifungu cha 768. California taja kifungu cha 418 cha sheria ya makosa ya jinai. Polisi wakisema ni mgogoro wa kiraia, omba namba ya ripoti na jina la ofisa, usibishane.

Baada ya hapo nenda mahakamani siku hiyo hiyo. Katika Jiji la New York, Mahakama ya Makazi hupokea kesi za kufungiwa nje kinyume cha sheria na huzipangia tarehe ya karibu. California utaomba amri ya muda ya zuio katika mahakama ya kaunti. Fidia huko ni hasara uliyopata, pamoja na hadi dola 100 kwa kila siku ya kosa na isiyopungua dola 250 kwa kila kosa. Kukata umeme au maji kwa lengo la kukutoa kunahesabiwa vilevile. Florida ni hasara halisi au kodi ya miezi mitatu, kile kilicho kikubwa.

Vitu vyako navyo vina sheria yake. Majimbo mengi huipa hoteli haki ya kuzuia mali ya mgeni mwenye deni, lakini haki hiyo ni dhidi ya mgeni. Ukisema kwa maandishi kwamba wewe ni mpangaji na vitu vyako virudishwe, unaziba mlango huo mapema.

Hatua ya 6: Ukiletewa hati ya wito

Hati ya wito maana yake hoteli imekubali kwamba inahitaji mahakama. Ni habari nzuri, mradi usiiache mezani. California, tangu Januari 2025, una siku 10 za mahakama za kujibu, yaani siku ambazo mahakama iko wazi. Fomu ya jibu ni UD-105 na ya kuomba msamaha wa ada ni FW-001. Florida una siku tano bila kuhesabu wikendi na sikukuu, na hapo watu wengi wanaangukia pua: ukitaka kubishana jambo lolote isipokuwa kwamba umeshalipa, lazima uweke mahakamani kodi inayodaiwa ndani ya siku hizo hizo tano, au uombe jaji aamue kiasi. Usipofanya hivyo, hoteli inaweza kupewa hukumu bila wewe kusikilizwa.

Omba mkalimani wa Kiswahili unapowasilisha jibu, usisubiri siku ya kusikilizwa. Taja na Kiswahili cha wapi, na usikubali mtoto wako akutafsirie. Katika Jiji la New York, wenye kipato kidogo wana haki ya wakili katika kesi za kutolewa. Muulize karani siku ya kwanza.

Meneja akitishia kuwaita maofisa wa uhamiaji, weka rekodi ya maneno yake. California na Illinois zimekataza mwenye nyumba kutumia hali ya uhamiaji ya mpangaji kumtisha au kumtoa.

Haki ambazo hazisubiri siku 30

Mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua mwaka 1964, katika kesi ya Stoner dhidi ya California, kwamba karani wa hoteli hawezi kuwaruhusu polisi kupekua chumba cha mtu. Ruhusa ni yako, au wawe na hati ya mahakama. Hoteli pia haiwezi kukukatalia chumba kwa rangi, dini au asili yako. Hilo limo kwenye Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Unaweza kujiandikisha kupiga kura kwa anwani ya moteli kama una uraia.

Watoto wana ulinzi mkubwa kuliko wazazi wengi wanavyojua. Chini ya sheria ya shirikisho ya McKinney-Vento, mtoto anayeishi hotelini kwa sababu familia haina makazi mengine ya kufaa lazima aandikishwe shule mara moja, hata kama hakuna cheti cha chanjo, rekodi za shule ya zamani wala uthibitisho wa makazi. Anaweza kubaki shule aliyokuwa akisoma hata mkihama mtaa, na wilaya ya shule itatoa usafiri ukiombwa. Kila wilaya ina mratibu wa sheria hii. Mtafute kwa cheo hicho kwenye ofisi ya wilaya, si kwa mwalimu wa darasa. Mwombe pia barua inayosema mtoto anaishi kwenye anwani ya hoteli tangu lini, kisha iweke pamoja na risiti zako.